Vidole vya Innocent

Jumatano kabla ya Pasaka, Baudouin alifunga kibanda chake cha kutengeneza simu saa nane mchana, akatia kwenye begi koti, mkate, na miswaki miwili: mmoja wa meno yake, mwingine wa simu. Kwa nini mtu abebe mswaki wa simu kwenda jangwani, hilo hakujiuliza. Mkono uliozoea kazi hubeba vyombo vyake bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Kibanda hicho kiko katikati ya mji wa Durban, ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka madogomadogo, kimebanwa na saluni mbili zisizosalimiana. Juu ya meza pana kibakuli cha malakiti, lile jiwe la kijani linalozaliwa na shaba. Kilichongwa Likasi, kule Kongo, kiwe cha kutilia majivu ya sigara, lakini Baudouin havuti, kwa hiyo hutilia skrubu.

Kibakuli hicho ndicho kilichomletea rafiki. Miaka minne nyuma, Zadock, Mkenya anayetunza maabara ya mawe chuo kikuu, alileta simu iliyozama mtoni akiwa anaokota mawe. Baudouin aliifungua, akakuta ukijani umetambaa juu ya nyaya zake za ndani. Alichovya mswaki kwenye siki akaanza kusugua.

"Hii kijani ni ugonjwa wa shaba, Prof," alisema. "Ukiiacha inakula yote."

Zadock si profesa, na alishasema hivyo mara nyingi, lakini kwa Wakongo wa mjini kila mtu wa chuo kikuu ni Prof mpaka athibitishe vinginevyo. Alikuwa ameinama na lenzi yake juu ya kibakuli. Akasema ugonjwa wenyewe ndio huu uliobeba skrubu.

"Ile ni jiwe," Baudouin alisema. "Hii ni ugonjwa."

"Sawa. Lakini siki isikaribie hapa. Jiwe hili na siki haviivi chungu kimoja. Litakwisha huku unaliangalia." Kisha akauliza, "Kibandiko chake kiko wapi?"

Ndipo Baudouin alipojifunza sheria ya waokota mawe. Kila jiwe huandikiwa karatasi ndogo: jina lake, mahali lilipotoka, tarehe, na aliyelipata. Jiwe likipoteza kibandiko chake, hata liwe zuri namna gani, ni kokoto tu. Hakuna atakayeliamini.

"Kumbe hata jiwe banaliomba karatasi," Baudouin alisema, na wote wawili wakacheka, Baudouin kidogo zaidi.

Tangu hapo waliokota mawe pamoja kila likizo. Wakaenda milimani, wakaenda kwenye mito, wakarudi na magunia. Safari hii Zadock alitandaza ramani juu ya meza ya kibanda na kuweka kidole mbali sana, magharibi, kwenye jangwa lenye migodi ya shaba iliyoachwa tangu enzi za mababu. Mahali penyewe paliitwa Groenkuil. Baudouin aliliangalia jina hilo kwa muda, akasema anakwenda, kisha akaeleza kwa nini.

Kaka yake, Innocent, tumbo moja baba mmoja, alikuwa mchimbaji wa mkono kule Likasi kabla ya kuhamia Durban, ambako alilinda magari ya watu ufukweni. Miaka minane iliyopita alisikia kwamba Groenkuil kumebaki shaba kwenye kuta za mgodi wa zamani. Akaondoka na wenzake kumi na watatu. Jumapili moja alipiga simu, akasema kesho wanashuka, chini hakuna mtandao, Joséphine asihangaike. Hakupiga tena.

Joséphine ni mke wake. Anafanya kazi kwenye ghala moja Mobeni, anakunja maboksi. Kibali chake cha kuishi nchini kimeshikizwa kwenye faili la mumewe. Miaka ya mwanzo ofisi ya vibali ilikuwa ikimwongezea muda bila maneno mengi. Mwaka huu walimwambia basi: ama mwenye faili aje mwenyewe na vidole vyake, ama iletwe hati ya kifo chake. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili. Baada ya siku hiyo kibali kitakufa, na lango la Mobeni halimfungukii mtu mwenye kibali kilichokufa.

Msiba wenyewe pia haukuwahi kukaliwa. Akina mama wa kanisani walikataa, kwa nia njema, kukaa matanga ya mtu ambaye pengine ana mke mwingine Cape Town. Kwa hiyo Joséphine hakuvaa nyeusi ya mjane wala hakuvaa nyekundu ya mwenye mume. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema. Innocent hakuwapo, na la Joséphine nalo likawa halipo.

Zadock alisikiliza yote hayo, akaikunja ramani. "Basi tutatafuta vyote viwili," alisema.

Joséphine aliwapa shati la bluu la kwaya, limepigwa pasi na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki. "Nguo zake zitakuwa zimechakaa," alisema, akarudi jikoni.

Walisafiri siku mbili kwa pikapu ya Zadock. Walipopita Kimberley nchi ilianza kuvua vitu vyake kimoja kimoja: kwanza miti, halafu nyasi, mwisho hata vivuli. Ijumaa asubuhi walifika kwa bibi mwenye shamba linalouzunguka mgodi, Mzungu mzee mwenye mbwa wawili. Aliwapa ufunguo wa geti kwa sharti kwamba waokote kwenye malundo ya vifusi tu, wasiingie shimoni, na waurudishe kabla ya jua kuzama. Akawaambia pia kuwa jioni jioni pale husikika watu wakizungumza lugha yao hiyo. Mwanzoni mbwa walibweka, alisema. Siku hizi wamezoea.

Mdomo wa mgodi ulikuwa umezibwa kwa zege. Juu ya zege palipigiliwa bati, na juu ya bati paliandikwa kwamba shimo limekaguliwa, hakuna mtu ndani, limefungwa. Chini yake palikuwa na tarehe. Baudouin aliisoma mara tatu, akahesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumanne, siku mbili baada ya ile simu ya Jumapili.

Zadock alilipiga picha. "Hili nalo ni kibandiko," alisema.

Wakaanza kazi, kwa kuwa ndiyo waliyoijia. Zadock aligonga, Baudouin akafuata nyuma na mswaki wake akifuta vumbi. Saa nne walipata vipande viwili vizuri. Saa tano, hatua kama kumi kutoka kwenye zege, Zadock aliona mshipa wa kijani ukitokeza kwenye ukuta wa mwamba. Alilenga patasi pembeni yake na kugonga taratibu. Mshipa ulikuwa mnene, ukagawanyika sehemu tano. Baudouin akausafisha kwa mswaki mkavu, na Zadock akaweka lenzi jichoni.

Aliifuta lenzi kwa shati, akaangalia tena.

"Bwana, hii ni fingerprint," alisema.

Baudouin akapewa lenzi. Malakiti huota kwa tabaka, mstari mweupeweupe juu ya mstari wa kijani kibichi, na hapa mistari ilikuwa imeifuata ngozi bila kuruka hata mmoja. Kila ncha ya kidole ilikuwa na duara zake, zimejipanga vizuri kuliko kwenye karatasi yoyote ya serikali. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda ndani. Kiliwahi kubanwa na mlango wa lori mwaka ambao Baudouin alianza shule.

"Ni yaya," alisema, kama kwao aitwavyo kaka mkubwa.

Walichimba hadi alasiri. Zadock alifanya kama afanyavyo kwa jiwe lolote la thamani, akipasua mwamba mbali na kitu chenyewe, bila kukigusa. Waliufungua mkono, bega, kisha upande wa uso. Mabega yote mawili yalipokuwa huru, Innocent alimalizia mwenyewe. Alitoka kwa ubavu, kama mtu anayeshuka kwenye basi lililojaa, akasimama juu ya kifusi akijipangusa. Alikuwa wa kijani tangu utosini hadi nyayoni, amezungushiwa mistari kama kile kibakuli cha skrubu.

"Ulikawia," alisema.

"Barabara ni ndefu, yaya."

"Bon."

Baudouin alimpa shati. Vifungo vilimsumbua, kwa kuwa vidole havikupinda vizuri, kwa hiyo Baudouin alimfungia kimoja kimoja mpaka juu. Wakati akifunga aliuliza habari za wale wengine.

"Beko ndani," Innocent alisema. "Balifunga mulango tukiwa chini. Tuligonga siku nane."

"Hawakusikia?"

"Balisikia. Tulibasikia banaongea."

Zadock aliweka sikio kwenye mwamba. Sauti zilikuwapo, za chini, za watu wanaobishana bila hasira, mmoja akieleza namna ya kupika maharage. Aligonga huku na huku mpaka jua likainama. Alipata vijimshipa vyembamba tu, kama uzi wa kushonea. Hao wengine walikuwa ndani zaidi, na watu wawili wenye nyundo hawawezi kupasua mlima.

"Mubaache," Innocent alisema. "Kwanza baandike. Bakiandika kama mimi nilikuwa humu, batakuja kufungua."

Zadock aliyatafakari maneno hayo njiani na kuyaona hayana kasoro. Ofisi ya vibali ilikuwa na alama za vidole vya Innocent tangu siku alipoingia nchini. Mashine ikisema huyu ni yeye, faili litafunguka, na Joséphine atapata kibali chake. Na tena, lile bati la Groenkuil litakuwa limesema uongo, na mwenye bati atalazimika kulijibu. Yote mawili yalining'inia kwenye ncha za vidole kumi. Zadock alivipiga picha kwa lenzi, kimoja kimoja, kwa mazoea ya kazi.

Ufunguo wa geti waliurudisha jua likiwa bado na kidole kimoja juu ya upeo. Bibi mwenye shamba aliangalia nyuma ya pikapu alikokaa Innocent kati ya magunia ya mawe. "Mmepata kizuri," alisema.

Pikapu ilirudi Durban imelalia magurudumu ya nyuma. Walipoagana Umbilo, mbele ya jengo analokaa Joséphine, Zadock alisema kesho yake anaondoka na wanafunzi kwa wiki moja. Akamsisitizia Baudouin asiyaoshe mawe mpaka atakaporudi. Baudouin akasema sharp, yaani sawa. Zadock alikuwa amesema mawe.

Joséphine alifungua mlango, akamtazama mumewe. Alimshika shavu. Lilikuwa baridi, na liliacha kivuli cha kijani kwenye kiganja chake.

"Kulikuwa baridi huko?" aliuliza.

"Usiku tu."

Akamkaribisha. Kiti cha plastiki kilipasuka, cha mbao kikastahimili. Alipakua fufu na samaki, sahani tatu, na Innocent akaitazama ya kwake kwa heshima mpaka ilipopoa. Hakuhitaji tena chakula. Alichohitaji ni maji ya chumvi kidogo, jioni, na kuambiwa habari za watu. Joséphine alimpa habari za miaka minane hadi kulipopambazuka. Baudouin alilala kwenye kochi akisikia sauti zao, na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii alilala bila kuota chochote.

Jumanne baada ya Pasaka walipanga foleni kwenye ofisi ya vibali tangu alfajiri. Watu walikuwa kama mia mbili. Hakuna aliyemshangaa Innocent. Foleni hiyo imeshaona kila kitu. Mama mmoja wa Bukavu aliuliza tu kama ni wa kwanza au wa kurudi, akaambiwa wa kurudi, akamsogezea boksi la kukalia.

Dirishani alikuwa karani kijana, Mzulu, mwenye sauti ya uchovu na adabu zake zote. Aliichukua karatasi kuukuu ya Joséphine, akamwomba Innocent avue glavu.

"Si glavu," Joséphine alisema.

"Basi aweke kidole."

Innocent aliweka kidole gumba kwenye kioo. Mashine ilifikiri. Kwenye skrini faili lilianza kufunguka: ikaja nusu ya picha ya kijana mwembamba wa miaka mingi nyuma, mdomo na kidevu, halafu ikasimama. Karani alisoma maandishi yaliyotokea. Kidole ni kichafu. Safisha, rudia.

Alirudia mara tatu, na kila mara ikaja ile nusu ya picha.

"Eish, bhuti, mashine inakutaka lakini una uchafu," karani alisema. "Nendeni mkamsafishe. Rudini Alhamisi, moja kwa moja kwangu, msipange foleni."

Ulikuwa wema mkubwa, na wote watatu walimshukuru.

Jumatano jioni, wateja walipokwisha, Baudouin alimkalisha kaka yake juu ya sanduku la betri ndani ya kibanda. Akawasha taa ya kazi. Akamimina siki kwenye bakuli la plastiki, akachukua mswaki wa simu. Alikuwa na furaha, lazima hilo lisemwe. Miaka minane hakuwa na la kumfanyia kaka yake. Leo kulikuwa na jambo, na lilikuwa jambo analolijua kuliko fundi yeyote wa mtaa ule. Shaba imeshikwa na kijani, mashine haisomi, fundi anaitoa kijani. Simu ngapi alizirudisha uhai kwa njia hiyo, hana hesabu.

Alichovya kidole gumba. Siki ilitoa povu dogo, la sauti nyembamba kama ya soda.

"Inauma, yaya?"

"Inawasha kidogo. Endelea."

Aliendelea. Alisugua kwa duara, taratibu, kama anavyosugua simu ya mteja mwenye wasiwasi. Kijani kilitoka vizuri. Siki ikageuka rangi ya bluu ya kupendeza. Huku akisugua walizungumza habari za mama yao, na mlango wa lori, na nani aliufunga. Alimaliza vidole vyote kumi, akavifuta kwa kitambaa cha miwani. Viling'aa kama chupa, hakuna doa. Innocent alivigeuza chini ya taa.

"Merci, mdogo wangu," alisema.

Alhamisi karani alitimiza ahadi, akawaita mbele. Innocent aliweka kidole gumba. Mashine haikufikiri hata kidogo. Haikuleta picha, wala nusu ya picha. Iliandika kwamba hakuna mtu. Akaweka cha shahada, hakuna mtu. Akaweka vyote kumi, hata kile kilichopinda, na mara kumi mashine ikasema hakuna mtu.

Baudouin alikuwa amesimama nyuma ya Joséphine. Aliitazama ile mikono safi juu ya kioo, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya Jumatano. Ukijani ule haukuwa juu ya kidole. Ndio uliokuwa kidole.

Joséphine hakukata tamaa upesi. Aliuliza habari za ile njia nyingine, hati ya kifo. Karani alieleza kwamba hati hutolewa na daktari baada ya kuuona mwili.

"Mwili ndiyo huyu," Joséphine alisema.

"Mama, huyu amesimama."

Innocent akajitolea kulala. Karani alimwomba radhi, akasema si yeye anayepanga taratibu, akaita namba iliyofuata.

Zadock aliporudi kutoka kwa wanafunzi alikwenda Umbilo moja kwa moja. Alikishika kiganja cha Innocent, akaweka lenzi, akapita kidole kwa kidole hadi cha kumi. Kisha akaishusha lenzi.

"Siki?"

"Siki," Baudouin alisema. "Ulisema mawe, Prof. Huyu si jiwe, ni yaya wangu."

"Nilisema mawe," Zadock alikubali.

Baudouin alilia, mbele ya rafiki yake, mbele ya shemeji yake, akiwa amejifunika uso kwa mikono yake mwenyewe yenye alama zake zote. Joséphine alimwacha alie. Alikuwa na hasira naye na hakuificha. Kwa siku tatu alimpakulia chakula bila kumtaja jina. Siku ya nne alimwita shemeji tena, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na siki vivyo hivyo.

Siki yenyewe Baudouin hakuimwaga. Aliitia kwenye chupa ya kioo, akaiweka kwenye rafu ya kibanda, nyuma ya chaja. Ni ya bluu hadi leo. Mteja akiuliza ni dawa ya nini, Baudouin husema ni kaka yake, na mteja huendelea kuangalia bei za kava.

Picha za lenzi zilikuwapo, na Zadock alizipeleka. Karani alisema mashine yake husoma vidole, haisomi picha. Zadock aliandika barua polisi na kwenye ofisi inayohusika na migodi, akaambatisha picha kumi za vidole na ya kumi na moja ya lile bati. Jibu lilikuja baada ya siku sita, fupi na la heshima. Lilimshukuru. Likasema eneo hilo lilikaguliwa kabla ya kufungwa na hakukuwa na mtu ndani, na kwa ushahidi likamrudishia picha yake mwenyewe ya bati.

Innocent aliisikiliza barua ikisomwa, akauliza kama kuna sehemu nyingine ya kuandika. Zadock alisema atatafuta. Bado anatafuta.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Joséphine aliwaita akina mama wa kanisani. Aliwaambia hawakai matanga ya mumewe peke yake. Wanakaa matanga ya watu kumi na wanne, na mmoja wao atakuwepo. Mama Constance, kiongozi wao, alifikiri kidogo, akasema kama ni hivyo hakuna kizuizi. Walikuja na masufuria na kanga nyeusi. Samani ziliwekwa koridoni, mikeka ikatandikwa. Kila aliyeingia alikwenda kwanza kwa Joséphine kumpa pole, halafu kwa Innocent, aliyekaa kwenye kile kiti cha mbao na shati lake la kwaya, naye akampa pole. Innocent aliwaitikia wote, "Asante, tumeshapoa."

Waliimba mpaka majirani wa juu nao wakashuka. Kisha Innocent aliomba nafasi, akataja majina. Aliyataja polepole, jina la mtu na la baba yake na mji alikotoka: wa Likasi watano, wa Kolwezi watatu, wa Uvira wawili, mmoja wa Kigoma, mmoja wa Blantyre, na mmoja kijana wa Lesotho aliyewapikia. Hakusahau hata mmoja. Miaka minane walikuwa wakiitana majina gizani.

Zadock alikuwa ameketi chini karibu na dirisha. Alitoa mfukoni kitabu chake cha vibandiko akaandika kila jina kwenye karatasi yake, kwa mwandiko ule mdogo wa maabara: jina, mahali, tarehe. Vibandiko hivyo kumi na vitatu viko chuo kikuu, kwenye droo ya chini kabisa, kila kimoja ndani ya kisanduku chake kisicho na jiwe. Mkubwa wake alivikuta siku moja. Aliuliza, akaelezwa, akaifunga droo taratibu.

Cha kumi na nne alimkabidhi Joséphine. Kiliandikwa: Innocent Mwamba Kasongo, wa Likasi. Groenkuil, hatua kumi kutoka kwenye mlango uliofungwa. Ijumaa Kuu. Aliyempata: mdogo wake, Baudouin.

Joséphine alikisoma, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Zadock alimwambia ndiyo, katika nchi nzima hii hakuna karatasi nyingine iliyomwandika sawasawa.

Tarehe thelathini ilikuwa siku ya kazi. Joséphine aliomba ruhusa Mobeni, akavaa nyeusi yake ya matanga, na Baudouin akamsindikiza. Karani alikuwa yuleyule. Joséphine alipitisha kibandiko chini ya kioo. Karani alikisoma mbele na nyuma, akakisoma tena. Aliwaita wenzake wawili, nao wakakisoma. Mmoja alisema ni mara chache kuona karatasi iliyokamilika namna ile: jina lipo, mahali papo, tarehe ipo, shahidi yupo. Kilichokosekana ni muhuri, na muhuri hutolewa na mashine, na mashine hutaka kidole.

Kwa utaratibu tu, alijaribu jina kwenye kompyuta kwa mara ya mwisho. Akageuza skrini ili Joséphine ajionee mwenyewe. Akamrudishia kibandiko kwa mikono miwili, kama wanavyofanya Wazulu kwa kitu cha heshima.

Walirudi Umbilo kwa miguu. Njiani Baudouin alitaka kuomba msamaha tena, akafungua mdomo, na Joséphine akamwambia anyamaze, avuke, robot, ile taa ya barabarani, imekuwa ya kijani. Kule Mobeni jina lake lilitolewa kwenye orodha ya langoni jioni ileile.

Innocent alikuwa kwenye kochi, ambalo Baudouin aliliwekea matofali chini ili libebe uzito. Kikombe chake cha maji ya chumvi kilikuwa kitupu. Joséphine alivua viatu, akaviweka pamoja karibu na mlango.

"Balisema nini?" Innocent aliuliza.

"Balisema hakuna muntu."

Innocent aliitikia kwa kichwa. Kisha akajisogeza pembeni, taratibu, matofali yakilia chini yake, akamwachia mkewe nafasi ya kukaa.